Tangazo lililokatikia pabaya

Simu ya katibu wa chama ilinikuta kwenye daladala. Hata shikamoo yangu hakuiitikia vizuri. "Mwanangu, fungua tovuti sasa hivi. Soma tangazo la kwanza."

Ukurasa wa mbele wa tovuti ya chama chetu cha akiba na mikopo huonyesha vipande vya matangazo matano ya karibuni: herufi 120 kila kimoja, nukta tatu, halafu "soma zaidi". Niliutengeneza mwenyewe. Tangazo la siku hiyo liliwahusu wenye madeni, nalo lilikuwa limekatikia ndani ya neno "kumaliza", baada ya herufi nne za kwanza. Msomaji ameshaelewa. Wanachama nao walishaelewa, na picha ya ukurasa ilikuwa inazunguka WhatsApp.

Kosa lilikuwa mstari mmoja wa PHP, lugha ya programu iliyoandikiwa tovuti hiyo, wenye amri ya kukata maandishi:

substr($tangazo, 0, 120)

Amri hiyo haijui neno linaanzia wapi wala linaishia wapi. Tena haihesabu herufi, inahesabu baiti, vile vipande vidogo ambavyo kompyuta huhifadhia herufi. Katibu huandika kwenye Word, na Word hugeuza kile kikoma cha juu cha "ng'ombe" kuwa cha kupinda, ambacho katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kwa baiti, kinachukua baiti tatu. Kisu kikipita katikati yake, unapata kile kialmasi cheusi chenye alama ya kuuliza. Miezi mingi nilikuwa nakisingizia simu za watu.

Nikahamia mb_substr, inayohesabu herufi, kisha nikatafuta nafasi tupu ya mwisho kati ya maneno kwa mb_strrpos na kukata hapo. Dakika kumi tu, nikadhani nimemaliza (neno zima safari hii).

Wiki iliyofuata likaja tangazo la mkutano mkuu, limeanza na tagi ya strong, alama ya HTML inayokoleza maandishi mpaka ifungwe. Kipande kilikatwa kabla tagi haijafungwa, na ukurasa wote ukakoleza wino mpaka anwani ya posta kule chini. Basi ikabidi kuondoa tagi kwanza kwa strip_tags. Hapo maneno yakagandana, "mkutano.Wajumbe", kwa sababu aya mbili zilikuwa zimetenganishwa na tagi peke yake, nikawa natia nafasi mbele ya kila tagi kabla ya kuiondoa. Halafu zikabaki  , alama za nafasi isiyokatika, zilizomwagwa na kihariri; nikazifungua kwa html_entity_decode, nikabadilisha nafasi hizo kuwa za kawaida, na kubana nafasi zilizofuatana. Mpangilio huo usiuvuruge: safisha, geuza, kata, na htmlspecialchars, inayofanya alama kama < zisomwe kama maandishi tu, ije mwisho kabisa wakati wa kuonyesha. Ukiisahau hiyo ya mwisho, alama ulizozigeuza zinaweza kurudi kuwa tagi hai.

Mwenzangu aliniambia najitesa, niiachie CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, ikate kwa text-overflow. Nilikataa. CSS hukata kufuatana na upana wa kioo, kwa hiyo kila simu ingekatia mahali pake, na lile neno lingeweza kuibuka kwenye simu nisiyowahi kuiona. Isitoshe tangazo zima bado lingepakuliwa, likala bando la mtu bure.

Mwishowe niliongeza safu ya muhtasari kwenye jedwali la matangazo. Kipande kinatengenezwa mara moja, tangazo linapohifadhiwa, badala ya kila mgeni anapofungua ukurasa. Katibu anakiona kwenye kisanduku kabla ya kuchapisha, na akitaka anakifuta na kuandika chake. Huwa anakifuta. Vyake ni vifupi kuliko vyangu, mara nyingi havifiki herufi 90, na vinaanza na tarehe, jambo ambalo mimi sikuwahi kulifikiria.

Nikapitisha msimbo kwenye matangazo yote ya zamani ili nayo yapate muhtasari. Mawili yalitoka matupu: yalikuwa picha za barua zilizopigwa skani, hazina hata neno moja la kukata. Hayo niliyaandikia kwa mkono.