Mwokota makopo analifanyia jiji kazi bure

Jamani hebu tuache kwanza ile ya kumwona mtu ana gunia mgongoni tunafunga geti haraka haraka. Yule anafanya kazi ambayo jiji linailipia kampuni hela ndefu, yeye halipwi hata mshahara.

Iko hivi, kila tani ya taka inayopelekwa dampo ina gharama zake, dizeli, dereva, lori lenyewe, na dampo nalo linazidi kujaa. Sasa mwokota taka akishatoa chupa, maboksi na vyuma chakavu kabla lori halijapita ina maana ule uzito haupandi lori kabisa, lakini yeye anachopata ni bei ya plastiki tu, nayo dalali ashaimega, ile kazi ya kulipunguzia jiji mzigo hakuna anayemlipa. Hapo ndo mimi naona dhuluma ilipo.

Na msidhani ni kuinama na kuokota tu. Chupa ya maji na kifuniko chake ni plastiki mbili tofauti, ukiitia kwenye maji chupa ikishajaa inazama, kifuniko kinaelea, na ukizichanganya mzigo unashuka bei. Mzoefu anajua hayo kwa kushika tu. Boksi likilowa mnunuzi anakata kilo, kwa hiyo mvua ikianza kunukia yeye ashaanza kufunika mali yake. Huyo ni fundi bana.

Wanaosema tuwaondoe tulete kampuni za kisasa waulize Misri. Kule Kairo kuna Zabbaleen, hao miaka nenda rudi walikuwa wanapanda mpaka mlangoni kwako kuchukua taka, na inakadiriwa walikuwa wanarejeleza kama asilimia 80 ya walichokusanya, mabaki ya chakula wanalisha nguruwe. Mwaka 2003 zikaletwa kampuni za nje ambazo mkataba ulizitaka zirejeleze asilimia 20 tu (asilimia 20!), na watu wakaambiwa wateremshe taka wenyewe mpaka mapipa ya barabarani. Halafu 2009 serikali ikaamuru nguruwe wote wachinjwe kisa homa ya nguruwe, mabaki ya chakula yakakosa pa kwenda yakaanza kuozea mitaani.

Bogotá kule Kolombia walienda njia nyingine, na haikuja kwa hisani, waokota taka walijipanga wakaenda mahakamani mpaka mahakama ya katiba ikawapa haki, na tangu 2013 wanalipwa kwa uzito wa wanachookoa kisiende dampo, hiyo ni mbali na hela ya kuuza mali. Yaani wanalipwa kama kampuni ya lori inavyolipwa.

Kuna watu watasema ukianza kuwalipa watajaa kila kona. Sawa, wajae, mzigo si unapimwa kwenye mizani? Tena afadhali ukimlipa yeye, maana lori linalipwa hata likimwaga chupa nzima zote dampo.