Onyesho la mwaka lilivyoangukia mikononi mwa mwalimu wa hisabati

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nalisema mapema kwa sababu mwenzangu aliyekuwa akiongoza onyesho la kufunga mwaka shuleni kwetu alikuwa mwanamuziki, mchoraji na mshonaji, yote kwa mkupuo, na alipohama hakuacha hata ukurasa mmoja wa maandishi. Kila kitu kilikuwa kichwani mwake. Kwenye kikao cha walimu tukatazamana, mmoja akasema anayejua kupanga ratiba ni mtu wa hesabu, wengine wakaitikia upesi mno, na kazi ikawa yangu.

Shule yenyewe ni ndogo, ya kujitegemea, na waanzilishi wake walikuwa wazazi na walimu waliookota mawazo huku na huku. Mkutano wa shule waliuchukua kutoka Summerhill, shule ya Uingereza iliyoanzishwa na A. S. Neill mwaka 1921, ambako kura ya mtoto mdogo ina uzito uleule wa kura ya mkuu wa shule. Igizo kubwa la darasa la 8 limetoka katika shule za Waldorf. Ya kwanza ilifunguliwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1919, kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara. Na desturi ya walimu kupanda jukwaani pamoja na watoto ilitoka mbali zaidi, kwa mshairi Rabindranath Tagore, aliyeanzisha shule yake Santiniketan, India, mwaka 1901. Masomo yalifanyika chini ya miti, na yeye mwenyewe akiandika tamthilia, akiwafundisha wanafunzi, kisha akiigiza nao. Mawazo yote hayo ni mazuri, lakini hakuna aliyeyaunganisha kwa maandishi. Ukiuliza "onyesho letu huwa linaendaje?" kila mtu mzima anakupa jibu lake.

Kwa hiyo niliwaendea watoto. Nilipita darasa kwa darasa na swali moja tu: ni kitu gani kikikosekana mtasema hili si onyesho letu? Wadogo walijibu bila kusita: taa zizimwe zote, kisha ngoma ipigwe gizani kabla ya neno lolote. Wakubwa walisema hadithi lazima iandikwe na darasa la 8 lenyewe. Wote walitaja wimbo wa mwisho ambao wazazi husimama na kuimba nao. Na karibu kila darasa lilisema, kwa maneno tofauti, kwamba hakuna mtoto anayebaki bila kazi.

Kilichonifungua macho ni vile ambavyo hakuna aliyevitaja. Hotuba ya mwenyekiti wa bodi haikutajwa. Ugawaji wa maua haukutajwa. Wala pazia, ambalo kila mwaka lilitugombanisha kwa kuwa halifunguki vizuri. Basi nikayatoa yote matatu. Pazia lilikuwa rahisi. Mwenyekiti alihitaji busara kidogo. Tulimwomba awe mlinzi wa lango la mji katika igizo, mwenye mistari michache na fimbo ndefu. Alikubali kwa furaha ambayo sikuitegemea, na mistari yake akaishika kabla ya mtu mwingine yeyote.

Hadithi ya darasa la 8 ilihusu mji ambao mto wake umeibiwa. Nani kauiba ndilo swali la igizo zima, nami sikuwaingilia. Shida ilikuja kwenye mhusika mkuu, msichana anayeufuata mto hadi kwenye chanzo. Waliomtaka walikuwa wengi, na nyuma ya kila mmoja alisimama mzazi. Mama mmoja alinisubiri nje ya darasa akaniambia kwa upole, "Mwalimu, sisemi kitu, lakini mwanangu huyu ana sauti." Ukisikia "sisemi kitu", ujue umeshaambiwa.

Nililipeleka suala hilo kwenye mkutano wa shule, kwa sababu ndiko linakostahili. Mwenyekiti wa mkutano siku hiyo alikuwa mwanafunzi wa darasa la 6, na aliongoza kwa ukali ambao mimi nisingethubutu. Mapendekezo yalikuwa mengi: majaribio ya wazi, bahati nasibu, kura. Majaribio yalikataliwa kwa hoja ambayo bado naiona sahihi, kwamba wanaoshinda majaribio ni walewale waliokwisha kufundishwa nje ya shule. Ndipo binti mmoja akauliza: msichana wa hadithi akivaa kinyago, kuna ubaya gani akiigizwa na watu watatu? Kinyago kimoja, joho moja, watoto watatu wanaopokezana kwa sehemu. Pendekezo lilipita kwa kura nyingi. Katika mkutano huohuo nilipendekeza onyesho lifupishwe, nikashindwa vibaya; na watoto wakapitisha kwamba wazazi wasiingie kwenye mazoezi. Hilo la mwisho nililiunga mkono kwa mikono miwili.

Uamuzi wa vinyago ulileta kazi ya kweli, nami hapo nilijifunza mengi kuliko mahali pengine popote. Kinyago kinachofunika uso mzima hula sauti, na ukumbi wetu hauna kipaza sauti. Tukaamua tutengeneze vya nusu uso, vinavyoishia juu ya mdomo, kama vile vya ngozi walivyovaa waigizaji wa commedia dell'arte, maigizo ya zamani ya vichekesho kule Italia. Mdomo na kidevu vinabaki wazi, maneno yanatoka.

Tulitengeneza kwa magazeti na gundi ya unga wa ngano. Unga unakorogwa kwanza kwa maji baridi kidogo usishike mabonge, kisha unamiminwa kwenye maji yanayochemka huku ukikorogwa mpaka uwe kama uji mwepesi. Chumvi kidogo inasaidia kuzuia ukungu. Tukapuliza maputo yakawa makubwa kidogo kuliko kichwa, tukaanza kubandika. Magazeti hayakatwi kwa mkasi. Yanachanwa kwa mkono, kwa sababu ukingo uliochanika hulala vizuri na hauachi mstari. Mtoto mmoja aligundua kwamba tabaka la kwanza likiwa la gazeti, la pili liwe la karatasi nyeupe, la tatu gazeti tena: hapo unaona kwa macho ni wapi bado hujafika. Ni ujanja mdogo lakini ulituokoa, maana wadogo wana tabia ya kurundika karatasi kwenye paji la uso na kusahau mashavu.

Kila tabaka lilisubiriwa likauke kabla ya lingine. Watoto walichukia kungoja huko, nami nilikupenda, kwani ndiko kulikotupa nafasi ya kuimba. Tulipasua puto, tukakata, na kila puto likatoa nyuso mbili. Pua na nyusi zilijengwa kwa karatasi iliyolowekwa na kusagwa. Kisha msasa, kisha rangi nyeupe, kisha rangi zenyewe. Tundu la jicho lililobuniwa kuwa zuri halimsaidii mvaaji kuona miguu yake, kwa hiyo tulitoboa makubwa kuliko tulivyotaka na kuyazungushia rangi nyeusi; kutoka mbali hakuna anayejua.

Kwenye ratiba ndiko hisabati ilikonifaa. Nilichora jedwali ubaoni: matukio ya igizo juu, majina ya watoto kando, alama kila wanapokutana. Ukilitazama unaona mara moja ni matukio gani hayagongani kabisa, na hayo yanaweza kufanyiwa mazoezi kwa wakati mmoja katika vyumba viwili. Unaona pia mtoto aliye na alama moja tu kwenye mstari mzima, na huyo ndiye atakayechoka kusubiri na kuanza kuwasumbua wenzake. Tukawaongezea hao kazi: kubeba mto, uliokuwa kitambaa kirefu cha buluu, kupiga manyanga, kubadili vifaa vya jukwaani.

Kulikuwa na kijana ambaye hakutaka kuonekana kabisa, hata ndani ya kinyago. Alikuwa mnong'onezaji, akikaa pembeni na mswada mapajani. Alijua igizo lote kwa moyo kuliko waandishi wake. Walimu wawili walinijia kwa nyakati tofauti wakitaka tumsukume "atoke kwenye ganda lake". Nilikataa. Kazi yake ilikuwa kazi, na siku mlinzi wa lango aliposahau mstari wake wa pili mbele ya ukumbi uliojaa, sauti ya chini kutoka pembeni ndiyo iliyolifungua lango.

Wazazi nao walitaka kushika kila kitu. Wenye cherehani walishona maleba. Mmoja alitaka kuyatarizi yote, na ikabidi tumwambie kwamba kutoka safu ya tano nakshi ile haionekani, ila mikunjo na rangi huonekana. Seremala wetu alipiga ngazi tatu zilizoweza kuwa mlima, soko na lango kwa kugeuzwa tu. Kanuni niliyoishika ni kwamba mzazi anafanya kazi pamoja na mtoto aliyepewa kazi hiyo, si badala yake. Ilichelewesha mambo. Misumari mingine iliingia mshazari, na ngazi moja ililia kila ilipokanyagwa. Darasa la 8 likauandika mlio huo ndani ya hadithi: ngazi ikawa daraja bovu la mji.

Siku ya siku mmoja wa wale wasichana watatu aliamka na homa. Miaka iliyopita hilo lingekuwa msiba. Safari hii wenzake wawili waligawana sehemu yake wakati wa chai, joho likavuliwa hapa likavaliwa pale, na watazamaji wengi hawakujua. Mama yake nilimwona mlangoni usiku ule, kaja peke yake kuangalia igizo la wenzake. Alikuwa yuleyule mama wa "sisemi kitu", na safari hii kweli hakusema kitu. Alichukua fagio tulipoanza kusafisha ukumbi.

Baada ya hapo nilinunua daftari gumu na kuandika yote: gundi, jedwali, nani alibeba nini, taa ipi inaungua ikiwashwa pamoja na ipi. Daftari halikai kwangu. Linashikwa na wanafunzi wawili wa darasa la 7, ambao ndio wataanza kazi mwaka ujao, na tayari wamefuta baadhi ya niliyoandika na kuweka yao.

Mkutano wa shule uliofuata ulijadili onyesho kipengele kwa kipengele, kama kawaida yake. Ulipitisha kwamba vinyago vihifadhiwe lakini visitumike tena kwa wahusika walewale. Kwamba mwenyekiti wa bodi apewe nafasi kubwa zaidi, kwa sharti ahudhurie mazoezi yote. Na kwamba mwalimu wa hisabati, ambaye kwa desturi ya walimu kupanda jukwaani alipewa wimbo mfupi wa mvuvi, mwakani aimbe ndani ya kwaya. Nilipiga kura ya hapana kwenye hilo la mwisho. Nilikuwa peke yangu.