Nilivyoipiga picha Nebula ya Orion kwa infraredi nikiwa Dodoma

Mbele ya sensa ya kamera ya kawaida, yaani kile kipande kinachopokea nuru, kuna kioo chembamba cha rangi ya samawati, kazi yake kuzuia infraredi, nuru ambayo macho hayaioni. Hicho ndicho nilichotaka kitoke. Fundi simu wa mtaani kwetu aliniuliza mara mbili, "Kaka, una uhakika?", kisha akakibandua. Tulipoifunga tena kamera tuliielekezea rimoti ya televisheni nikabonyeza: kile kitaa cha mbele, ambacho macho hayakioni kikiwaka, kikang'aa kwenye skrini kama tochi.

Nebula ya Orion ni wingu la gesi na vumbi ambamo nyota bado zinazaliwa, umbali wa miaka ya nuru kama 1,350. Dodoma tuna bahati nayo. Katikati ya Januari, karibu saa tano usiku, inapita utosini, kwa hiyo nuru yake inakatiza hewa kidogo na mvuke kidogo. Taabu ni kwamba darubini ikitazama juu namna hiyo, wewe unalala chali kwenye mkeka ukipapasa vitufe. Halafu stendi yenye mota, ile inayofuata nyota, mhimili wake lazima uelekee ncha ya kusini ya anga, pale ambapo nyota huonekana kupazunguka, na kwetu ncha hiyo iko nyuzi 6 tu kutoka upeo wa macho. Stendi niliyoazima ilitengenezwa kwa watu wanaoishi mbali na ikweta; haikukubali kuinama kiasi hicho. Nikaupachika mguu mmoja juu ya vipande vya mbao, nikawa naishikilia kila upepo ukivuma.

Filta yangu inapitisha mawimbi ya nuru yenye urefu wa kuanzia nanomita 850 tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), yaani infraredi. Ukiiweka jichoni ni giza tupu. Usiku wa kwanza nilirekebisha fokasi bila filta, kwa mazoea, nyota zote zikatoka kama vidonge: lenzi haikusanyi infraredi mahali pale pale inapokusanya nuru ya kawaida. Usiku wa pili nikaifunga filta kwanza, nikalenga nyota ya Rigel. Hafifu. Nikahamia nyota ya Betelgeuse, ambayo joto lake ni dogo na nuru yake nyingi iko kwenye infraredi, na hapo fokasi ikakaa.

Nilipiga picha 90 za sekunde 20 kila moja, kabla mawingu ya mvua hayajarudi, nikaziunganisha kwenye kompyuta.

Ule wekundu wa gesi ya hidrojeni ya nebula, nanomita 656, filta iliuzuia wote. Ukungu ulipungua, nyota zikaongezeka. Pembeni mwa zile nyota nne za katikati, Trapezi, kuna ghuba nyeusi ya vumbi. Kipande chake kilichokuwa na nyota 11 kwenye picha yangu ya zamani, ya nuru ya kawaida, sasa kilikuwa na 26. Vumbi hutawanya mawimbi mafupi zaidi kuliko marefu, kwa hiyo infraredi hupenya; hewa nayo hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana jua la magharibi linatufikia jekundu.

Mke wangu alisema ile ya zamani ni nzuri zaidi. Kweli, kwa kutundika ukutani.

Sensa ya silikoni, kama ya kamera yangu, hukoma kuona karibu na mikroni 1, yaani nanomita 1,000. Nyuma ya nebula kuna nyota changa ambayo wanaastronomia Eric Becklin na Gerry Neugebauer waliitangaza mwaka 1967, inayong'aa kwenye mikroni 2. Mahali pake nimepachorea duara dogo kwenye picha. Ndani ya duara ni peusi tu.