Nilivyoandika jalada bila kutaja jina la mchezo

Kisa changu cha mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kilikuwa kimekamilika. Ramani zipo, mitego ipo, mazimwi yapo. Likabaki jalada. Mnunuzi anataka kujua jambo moja tu: hiki kinachezwa kwa kanuni zipi? Jibu ni Dungeons & Dragons, toleo la tano. Je, naruhusiwa kuliandika?

Nilianza na Open Game License 1.0a, leseni ya mwaka 2000 ambayo watunzi wengi wameitegemea. Watu huisifia kwa kuwa inaruhusu kanuni kutumika bure. Wachache hufika kifungu cha 7. Ukiikubali leseni, unaahidi kutosema kwamba kazi yako inaoana na alama yoyote ya biashara, isipokuwa uwe na mkataba mwingine na mwenye alama hiyo. Nilikisoma tena na tena. Sheria ya alama za biashara kazi yake hasa ni kuzuia wanunuzi wasidanganywe kuhusu aliyetengeneza bidhaa. Marekani, kwa mfano, kutaja kwa ukweli jina la bidhaa ya mwingine ili kueleza yako inatumika na nini mara nyingi hakukatazwi. Yaani kwa kuikubali leseni, unaweza kuachia haki uliyokuwa nayo tayari. Na utaratibu wa mchezo wenyewe haulindwi na hakimiliki, yanalindwa maneno yanayoueleza. Kwangu bei hiyo ilikuwa kubwa mno.

Njia ya pili ilifunguka Januari 2023, wachezaji walipokuja juu kupinga mpango wa kuibadili leseni hiyo. Wizards of the Coast, kampuni inayomiliki mchezo huo, wakauweka waraka wa kanuni, SRD 5.1, chini ya Creative Commons BY 4.0, leseni huria inayokuruhusu kutumia kazi ya mwingine mradi utaje chanzo. Leseni hii nayo haitoi ruhusa ya kutumia alama za biashara, inalisema hilo waziwazi. Ila haidai uahidi kunyamaza. Waraka wenyewe unataka unakili tamko lake la kutaja chanzo, unaomba usiongeze utajo mwingine wa kampuni, kisha unakuruhusu kusema kazi yako inaoana na toleo la tano. Nikachagua hiyo.

Ikafuata kazi ya kuchambua maandishi neno kwa neno, kuondoa majina na viumbe vya kampuni ambavyo waraka hauvitoi. Cheo cha Dungeon Master kikawa msimamizi wa mchezo. Uganga wa mshale wa asidi ukabaki bila jina la Melf, mhusika wa Dungeons & Dragons, kama ulivyo kwenye waraka. Mlinzi wa pango katika rasimu alikuwa beholder, ambaye takwimu zake hazimo humo, kwa hiyo nikamtoa. Sikutaka kumrudisha kwa jina jipya akiwa bado ni dubwana la duara linaloelea, lenye macho mengi: kumbatiza upya hakumfanyi kuwa wangu. Nikabuni nyoka wa chumvi, na kusema kweli pango likanoga zaidi.

Jalada likabeba jina la kisa kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi ndogo, "Kinaoana na toleo la tano". Hakuna joka lililojikunja kama alama ya "&", wala mwandiko unaofanana na wa nembo yao. Tamko la chanzo liko ukurasa wa pili, herufi kwa herufi.

Rafiki asiyecheza aliuliza, toleo la tano la nini? Wanaocheza hawakuuliza.

Kanuni nilizobuni mwenyewe nimeziachia wengine kwa leseni hiyohiyo ya BY 4.0. Jina la mfululizo wangu nimeandika kwamba halimo.