Shangazi karudi, pagale liko palepale

Basi lilipofika juu ya daraja la Rufiji nilikuwa nimesinzia. Mama wa siti ya pembeni, aliyempakata mtoto juu ya beseni la maandazi, akanigusa bega. "Dada, amka, tuko kwa Mkapa." Alikuwa anasema daraja. Nilipoondoka kusini mwaka 2004 lilikuwa halijatimiza hata miaka miwili, na ukishalivuka ndiyo kwanza kazi inaanza, maana kipande cha Ndundu hadi Somanga kilikuwa tope la kulaza basi njiani. Safari hii tumetoka Mbagala alfajiri, na kabla ya adhana ya magharibi niko Mikindani kwa mama, namenya ming'oko.

Miaka ishirini na ushei Montreal, na jambo la kwanza nililoonyeshwa ni nyumba yangu. Iko kwenye linta. Ndani ya chumba kilichokuwa kiwe sebule umeota mpapai, tena unazaa. Ndugu aliyekuwa akisimamia ujenzi amehamia Dar na simu yake inaita tu. Sina la kuongeza, kila aliyewahi kutuma hela ya matofali kutoka ng'ambo ameshaelewa. Mapapai ni matamu.

Jambo lingine wenzangu wa ughaibuni mnalijua: hakuna anayekuuliza unaendeleaje. Wanakuuliza unarudi lini "Ulaya". Nimeshachoka kueleza kwamba Kanada si Ulaya.

Jioni ya tatu tulikaa barazani tukibangua korosho za kula. Mama alinipa majivu nipake vidoleni, nami kwa kujitia ninakumbuka nikapaka juujuu. Mafuta ya ganda yakaniunguza ncha za vidole viwili, na ninavyoandika hivi ngozi bado inabanduka. Hapo ndipo binti wa kaka yangu, aliyemaliza kidato cha sita, akatamka kwamba chuo anataka kusomea uandishi wa habari.

Baba mkubwa akacheka hadi akaweka chini nyundo yake. "Yaani umbea wa kulipwa?"

Sasa, baba mkubwa huyohuyo ana picha ya Benjamin Mkapa sebuleni kwake, ile ya urais, imefunikwa nailoni isiingie vumbi. Nikamuuliza, baba, huyu wa picha alianzia wapi? Akasema, serikalini. Nikamwambia hapana, gazetini. Mtoto wa Lupaso, Masasi, alikuwa mhariri wa Uhuru na The Nationalist, akahariri Daily News, mwaka 1974 akawa mwandishi wa habari wa Rais Nyerere, mwaka 1976 akapelekwa kuwa balozi Nigeria, mwaka uliofuata akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Na mwaka 1982 alitumwa huko huko nilikotoka mimi, Kanada, akawa balozi wetu Ottawa kabla ya kuhamishiwa Marekani. Huo umbea ulimfikisha Ikulu mwaka 1995, na alipozikwa Lupaso Julai 2020 nilikesha na simu mkononi nikitazama.

Baba mkubwa akanyamaza. Mama ndiye aliyejibu, bila kuinua macho kwenye korosho: "Huyo mwanamume."

Ndipo nikawapa habari za Michaëlle Jean.

Nilipofika Montreal sikujua neno la Kifaransa zaidi ya bonjour. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusafisha ofisi usiku. Kifaransa nilikiokota kwenye televisheni ya Radio-Canada, na mtu niliyependa kumwigiza alikuwa mama mmoja mweusi, nywele zake za asili, anasoma habari taratibu kama anayekuhesabia chenji. Nikirudia maneno yake jikoni, mwenzangu wa chumba akidhani nasali.

Huyo ndiye Jean. Alizaliwa Port-au-Prince, Haiti, mwaka 1957. Baba yake alikamatwa na kuteswa chini ya utawala wa dikteta Duvalier, na mwaka 1968 familia ikakimbilia Quebec, kwenye mji wa machimbo unaoitwa Thetford Mines. Wazazi wakatengana. Mama akabaki na mabinti wawili, akafanya kazi kiwanda cha nguo, kisha zamu za usiku katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Hapo kwenye zamu za usiku mama yangu aliacha kubangua, akanitazama.

Jean akasoma lugha, akafundisha Kitaliano chuo kikuu, na kwa miaka kadhaa alifanya kazi na nyumba za hifadhi kwa wanawake wanaopigwa na waume zao. Utangazaji aliuanza mwaka 1988. Mwaka 2005 wakamteua Gavana Mkuu wa Kanada, yaani mwakilishi wa Malkia Elizabeth, kiti ambacho hadi hapo kilikuwa hakijawahi kukaliwa na mtu mweusi. Aliapishwa Septemba. Desemba ya mwaka huohuo Mkapa akatoka Ikulu, nami peke yangu pale kazini ndiye niliyeona kwamba mwanahabari mmoja anaingia na mwingine anatoka. Hakukuwa na wa kumwambia.

"Shangazi, aligombea wapi?" Binti wa kaka ana tabia hiyo, anasubiri umalize kisha anakuchoma.

Nikasema hakugombea, aliteuliwa.

"Basi siyo mwanasiasa."

Kweli kidogo. Ikabidi nirudi nyuma nimlete Jeanne Sauvé. Huyo naye alikuwa mwandishi wa habari, akaingia bungeni kwa kura mwaka 1972, akawa waziri, akawa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Kanada, na alikuwa kwenye kiti hicho wakati Mkapa wetu yuko Ottawa. Mwaka 1984 akawa Gavana Mkuu, mwanamke wa kwanza. Wa pili, Adrienne Clarkson, mtangazaji pia, na kabla ya hapo alikuwa mwakilishi wa jimbo la Ontario mjini Paris. Wa tatu ndiye Jean. Wanawake watatu wa mwanzo kukaa pale, wote wametoka kwenye maikrofoni. Nilipoisema hiyo, baba mkubwa akaomba maji.

Kuna siku moja ya Jean ambayo sitaisahau, tarehe 4 Desemba 2008. Waziri Mkuu Stephen Harper alikuwa na wabunge pungufu ya nusu, vyama vya upinzani vimekubaliana kumwangusha, naye akaenda kwa Gavana Mkuu kuomba bunge lisitishwe ili kura isipigwe. Wakati huo nilikuwa nimehamia kwenye nyumba ya kulea wazee, zamu ya asubuhi. Televisheni ya ukumbini inaonyesha mlango umefungwa. Saa nzima. Mlango umefungwa. Saa ya pili. Mzee mmoja niliyekuwa namlisha uji akapiga meza kwa kijiko: "Mwacheni angoje!" Uji ukanirukia. Zaidi ya saa mbili Waziri Mkuu amewekwa na mwanamke aliyeingia nchi ile akiwa mtoto wa wakimbizi.

Mwishowe alimkubalia, bunge likasitishwa hadi mwishoni mwa Januari. Nilimlaumu, na kidogo bado namlaumu. Lakini zile saa mbili nazijua ni za mtu aliyezoea kuuliza swali, akajibiwa, akauliza tena.

Mwaka uliofuata alikwenda kaskazini kwa Wainuit, Rankin Inlet, akakata moyo wa sili akaula mbichi mbele ya kamera, mwezi uleule Bunge la Ulaya lilipopiga kura ya kuzuia bidhaa za sili. Magazeti ya Ulaya yakapiga kelele. Mimi nilicheka peke yangu kwenye treni. Miaka yote ile sikuwahi kumwambia mtu yeyote Montreal kwamba kwa babu zangu, Newala, panya wa porini ni kitoweo.

Kisha Januari 2010, tetemeko la Haiti. Akasimama mbele ya waandishi, akaanza kwa Kifaransa na Kiingereza kama kazi inavyotaka, halafu akawageukia watu wake kwa Kikrioli, na machozi yakamshinda. Balozi halii, mkuu wa nchi halii, mtangazaji ndiyo kabisa. Alilia. Mimi hapo nilikuwa na miaka mitano sijazungumza Kimakonde na mtu uso kwa uso, nazungumza na mama kwa simu tu, tena kwa haraka kwa sababu ya vocha. Nilizima televisheni nikampigia. Mama anasema hakumbuki simu hiyo.

Baada ya hapo Jean akawa mjumbe maalumu wa UNESCO kwa Haiti, na mwishoni mwa 2014, Dakar, akachaguliwa Katibu Mkuu wa jumuiya ya nchi zinazozungumza Kifaransa, mwanamke wa kwanza, akimpokea Abdou Diouf wa Senegal. Hapo sasa, mwanangu, ni diplomasia na siasa zote kwenye sufuria moja. Na sufuria ilimchoma. Magazeti, wenzake wa zamani wale, yakachimbua matumizi: ukarabati wa makazi yake Paris ulikula karibu dola nusu milioni za Kanada. Oktoba 2018 mjini Yerevan akapoteza kiti kwa Louise Mushikiwabo wa Rwanda, hata serikali ya Kanada ikiwa imeshaacha kumuunga mkono. Mwezi huohuo huku kwetu wakulima walikuwa wamegoma kuuza korosho mnadani kwa bei ndogo, na simu yangu haikupumzika. Nani atamwaza Jean? Novemba serikali ikatangaza itanunua yenyewe, shilingi 3,300 kwa kilo, na mimi nikatumiwa ujumbe kwamba bati sasa zitanunuliwa. Mmeshasikia habari za mpapai.

Binti alisikiliza yote, hata ya Paris. Sikumficha, maana angeyakuta mwenyewe. Akauliza tu, "Waliomwandika ni wale aliofanya nao kazi?" Nikasema wengine, bila shaka. Akatikisa kichwa, si kwa huzuni, kama mtu anayepima kilo.

Juzi alikuja na daftari. Kulikuwa na mnada kwenye chama cha msingi na alitaka kurekodi kwa simu, kwa ajili ya ukurasa wake tu, mazoezi. Maswali matatu. La kwanza, bei ya mnada. La pili, malipo ya wakulima yanachukua siku ngapi kuingia benki. La tatu: kila kilo inakatwa kiasi gani, kwa kazi gani, na nani aliyeidhinisha?

Nikachukua kalamu nikalifuta la tatu. Nikamwambia baba yako anauza hapo, babu yako anauza hapo, sisi ni watu wa hapahapa, anza polepole. Akasema, "Sawa, shangazi."

Jioni akanipa simu nimsikilize. Upepo, muungurumo wa lori, mtu anapiga kelele za magunia. Swali la kwanza. Swali la pili. Halafu sauti yake, taratibu, kama anayehesabu chenji: "Na makato, mzee wangu?"