Egungun: anza na nguo

Huku Mbeya, video ya egungun, wachezaji waliofunikwa nguo mwili mzima, ikitua kwenye kundi la WhatsApp, mmoja ataandika "hao si nyau wa Malawi?" na mwingine ataandika "mashetani". Wote wamekosea. Nyau ni wachezaji wa vinyago wa Wachewa. Egungun ni wa Wayoruba, kusini-magharibi mwa Nigeria hadi ng'ambo ya mpaka, Benin, na shabaha yake mtu wa Tukuyu au Kalenga anaielewa bila kuelezwa: wazee waliotangulia wanakuja kuwaona wajukuu. Sisi huwafuata kaburini kwa tambiko. Kule wao ndio wanaokuja, wanapita barabarani na kuingia uani, wanabariki na kukemea.

Sasa itazame nguo. Ipo ya aina nyingi, ila ile ya vipande vinavyoning'inia ndiyo inayosema zaidi. Kichwani hukaa ubao bapa, na vipande virefu hushuka kutoka pande zake zote. Ndani kabisa kuna vazi kama gunia, lililoungwa kwa mikanda myembamba ya kufumwa kwa mkono, nyeupe na rangi ya nili, likifanana na sanda. Usoni kuna wavu wa nyuzi, na humo ndimo mchezaji anamoonea. Juu huja velveti, hariri, kitambaa chochote cha thamani ambacho ukoo unakimudu, kingo zake zikishonewa pembetatu ndogondogo, mara nyingi nyekundu. Vipande vipya hushonewa juu ya vya zamani. Kwa hiyo nguo kongwe ni nzito kweli, na uzito huo ni heshima ya ukoo: palipochanika juu, unaona kitambaa walichonunua wa kizazi kilichopita.

Akizunguka, vipande hufunguka na kupepea, na upepo ule ndio baraka. Ngozi haitakiwi kuonekana hata kidogo, mikono na miguu imefunikwa. Mshono ukiachia kwenye kifundo cha mguu, mzee aliyetoka kwa wafu anageuka kijana wa jirani. Ndiyo maana wasindikizaji hushika fimbo na kuwasukuma watazamaji nyuma. Sauti nayo hubadilishwa, ikakwaruza, kwani wafu hawaongei kama sisi.

Siri ya vazi ni ya wanaume, lakini msiseme wanawake wametengwa. Wao huimba oriki, sifa za ukoo, na Iya Agan ni cheo cha mwanamke ndani ya chama chenyewe cha egungun.

Gelede, ngoma nyingine ya vinyago ya Wayoruba, ni kitu kingine: huwaheshimu na kuwatuliza akina mama wenye nguvu za siri. Kinyago chake cha mbao hukaa juu ya kichwa, uso ukifunikwa kwa kitambaa, na wanaume ndio wanaocheza. UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa dunia usioshikika mwaka 2001.

Video nyingi zinazosambaa zimebandikwa muziki mwingine juu. Hapo mmepoteza nusu ya jambo. Kiyoruba ni lugha ya toni, na ngoma yao iitwayo bata hufuata toni hizo: mpigaji anawataja wazee kwa majina na sifa zao, na mchezaji anajibu kwa miguu. Tafuteni yenye sauti yake ya asili.