Jeti ndogo

Saluni ilikuwa Umoja, ghorofa ya chini, na jenereta ilikaa uani, mbali na madirisha. Desemba 2017, stima imepotea tangu asubuhi, wateja wamejaa.

"Fundi, hii kabureta ilisafishwa juzi tu na nikalipa," mwenye saluni aliniambia. "Mbona bado inasumbua?"

Nikafunga choki, nikavuta kamba. Mvuto wa pili ikashika. Nilipofungua choki ikaanza: mngurumo unapanda, unashuka, unapanda tena, na kale kamkono ka gavana, kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini, kanacheza mbele na nyuma. Nikarudisha choki nusu, ikatulia. Choki hupunguza hewa inayoingia kwenye kabureta, pale inapochanganywa na petroli. Injini ikipata nafuu mchanganyiko unaponona, basi ilikuwa inakosa petroli. Wengi hukimbilia skrubu ya gavana hapo, na wanaharibu. Gavana haina kosa, inahangaika kuokoa injini yenye njaa.

"Lakini nikichomeka blo drai inatulia," mama akaongeza.

Maneno hayo yalinipunguzia nusu ya kazi. Jenereta isipobeba mzigo, kile kibati kilicho kwenye koo la kabureta hukaribia kufunga, na injini huishi kwa jeti ndogo, katundu kembamba ka kupitishia petroli. Ukiipa mzigo kibati kinafunguka, jeti kuu inachukua kazi. Aliyenitangulia alisafisha jeti kuu, akaacha ndogo.

Nikafunga koki ya tangi, nikatega mkebe, nikafungua bolti ya bakuli la petroli lililo chini ya kabureta kwa spana namba 10. Bakuli lilikuwa limefutwa vizuri, boya linapanda na kushuka bila kukwama, na tundu la jeti kuu linapitisha mwanga. Jeti ndogo haiko huko chini. Ni kijidude cha plastiki nyeusi kilichokaa juu, kimebanwa na kichwa cha skrubu ya mwendo wa chini. Nikaitoa skrubu nikihesabu mizunguko ili niirudishe palepale, kisha nikainyanyua jeti taratibu kwa ncha ya bisibisi, ikatoka na oringi yake.

Nikaielekeza juani. Giza. Tundu lake halifiki nusu milimita, na petroli iliyolala humo miezi mingi ilikuwa imegeuka gundi yenye rangi ya strungi.

Nikachuna kipande cha waya wa stima wa nyuzi nyingi, nikachomoa uzi mmoja wa shaba. Shaba ni laini. Pini ya chuma hulipanua tundu, na likishapanuka injini inakunywa petroli kupita kiasi, moshi mweusi, plagi inajaa masizi. Uzi ukapita mara ya tatu. Kisha nikapuliza dawa ya kabureta kwenye shimo ilimotoka jeti, hadi ikachuruzika kutoka vile vitundu vya kando ya kibati. Hapo ndipo watu husahau, kwa sababu jeti ikiwa safi na njia yake imeziba, hujafanya kitu.

Gasketi ya bakuli ilikuwa imevimba, haikai tena kwenye mfereji wake. Nikaweka mpya.

Ikawaka. Nikafungua choki yote, mngurumo ukabaki mmoja. Nikamwonyesha mama koki: kama hutaitumia kwa wiki kadhaa, ifunge injini ikiwa bado inanguruma, iache imalize petroli ya bakuli na kuzima yenyewe.

"Kumbe ni kufunga hapa tu," akasema, akarudi kwa wateja. Ndani blo drai ikawashwa; mngurumo ukazama kidogo, ukanyooka.